Funda la Kwanza la Mama

Kawangware, Nairobi
Jumamosi, mvua imekatika sasa hivi

Dada Syombua mpendwa,

Niambie kwanza mgongo unaendeleaje, na kama bado unajitwika ndoo mbili ukidhani wewe ni msichana. Mimi ni mzima, cherehani yangu ni nzima, na Kyalo mdogo wetu yu hai. Hilo la mwisho nimelitaja mapema makusudi, maana nakujua: ukiona bahasha nene huketi, unasoma umesimama na mkono kifuani. Basi keti. Vuta kile kigoda cha mama chenye mguu mmoja mfupi. Kyalo yuko hapa nyuma yangu anachambua maharagwe kwa vidole, na mawe anayoyatoa ni mengi kuliko ninayoyaona mimi kwa macho yangu.

Barua yako niliipata kwa yule mama wa vyondo wa Ngara, pamoja na mfuko wa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na kichupa cha asali ya Mjomba Nzioka. Nilitembea kutoka Ngara mpaka katikati ya jiji nimeukumbatia ule mfuko kama mtoto mchanga. Nilipopata kivuli mbele ya jengo moja nikaufungua, nikaingiza pua. Askari wa jengo akaniuliza, "Mama, kwani umebeba nini hapo?" Nikamwambia nimebeba nyumbani. Akacheka, akasema hata yeye kwao ni Ukambani, kule Mwingi, nimpe naye anuse. Basi tukasimama pale watu wazima wawili tunanusa mahindi, wapita njia wakitushangaa. Ilibidi niondoke kabla sijaanza kulia mbele ya mtu nisiyemjua.

Umeniuliza swali moja tu, na umelipigia mstari mpaka kalamu ikatoboa karatasi: Kyalo ameacha pombe? Chini yake umeandika kwamba kama hajaacha, lango la mama hatalivuka. Dada, sikulaumu. Nilikuwapo siku ile ya kumbukumbu ya mama alipokuja amelewa chakari, akauangukia msalaba wa kaburi mbele ya mchungaji na wageni. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na sufuria yangu ya pilau. Lakini nataka kumleta nyumbani shule zikifungwa, na sitaki kumleta kwa uongo. Kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaamua.

Siku hizi tukikaa jioni tunakumbuka mambo ya kaluvu, ile pombe ya asali aliyokuwa akipika mama. Najua hupendi yatajwe tangu mama aokoke, lakini kabla ya wokovu kulikuwa na mitungi, na mitungi hiyo ndiyo iliyotuvisha yunifomu. Unakumbuka ile wiki ya mahari ya shangazi? Mjomba Nzioka alishuka mlimani na asali, wewe ukatumwa kutafuta miatine, yale matunda marefu ya kuchachushia, nami nikaachwa kulinda moto kwa sababu nilikuwa mvivu wa kutembea. Kyalo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Akaenda kuramba asali iliyodondoka chini, siafu wakamshughulikia vizuri, ukamkimbiza kisimani umembeba kichwa chini miguu juu. Nyumba nzima ilinukia utamu uliochacha kidogo pamoja na moshi wa kuni. Mpaka leo harufu hizo mbili zikikutana mahali nasimama tu, hata kama nimechelewa.

Na unakumbuka mama akigawa. Wazee wamekaa kwenye vigoda vyao, yeye anachota kwa nzele, kile kibakuli chake cha kibuyu, halafu kabla hajampa mtu anapiga funda la kwanza yeye mwenyewe. Tena si kimya kimya. Fyuuup! Sauti ile tulikuwa tunaiiga jikoni mpaka tunachapwa. Siku moja nilimuuliza kwa nini anavuta hivyo kama ng'ombe mtoni, akaniambia, "Wazee wengi hapa macho yamechoka. Asiyeniona nikionja, anisikie." Ndiyo ilikuwa desturi: aliyepika anatangulia, mgeni ajue kikombe hakina kitu kibaya. Hata uji wetu wa asubuhi aliufanyia vivyo hivyo, kikombe kimoja kimoja, nasi tunangoja ile sauti ndipo tunyooshe mikono. Sijui kama wewe ulikuwa unawaza lolote. Mimi nilikuwa nadhani uji usipoonjwa na mama hauivi.

Kyalo alipokuja Nairobi alipata kazi ya mjengo kule Muthangari, ambako zile nyumba za zamani zenye bustani zinabomolewa na ghorofa zinapanda. Akawa fundi wa plasta, na fundi kweli, si maneno. Siku nikiwa sina nguo nyingi za kushona pale kibarazani kwangu Adams Arcade, nilikuwa nampelekea chakula, namkuta juu ya jukwaa la mbao anapiga mluzi, na ukuta aliouacha nyuma yake umenyooka ungedhani umepigwa pasi. Jioni wakitoka kazini mafundi wote hupitia bondeni kunywa chang'aa. Usiniulize kwa nini. Saruji imewakausha koo, chumba wanachorudia ni mabati matupu, na kwao ni mbali.

Kule bondeni kuna wauzaji wengi, lakini Kyalo alikuwa na mmoja tu, mwanamke wa kwetu Ukambani aitwaye Mama Mbithe. Nilimchukia kabla sijamwona. Siku moja nikamwambia Kyalo, "Kwani ni lazima uende kwa huyo mama? Huwezi kukaa kwako kama watu?"

Akaniangalia kidogo. "Mutheu, huyo mama huonja. Akikupatia glasi, anaionja kwanza mbele yako. Nikiskia vile anavuta, naskia ni kama niko nyumbani."

Dada, hebu fikiria. Mtoto tuliyembeba mgongoni alikuwa anaifuata sauti ya mama hadi kwenye chang'aa. Na hakuifuata peke yake. Aliwaeleza mafundi wenzake habari ya mama na nzele yake, nao wakaiamini, ikawa ndiyo sheria ya saiti nzima: tunakunywa kwa Mama Mbithe tu, kwa sababu Mama Mbithe huonja.

Mama yetu alijua asali imetoka mzinga gani. Mama Mbithe naye zamani alikuwa anapika mwenyewe, lakini polisi walimwaga mapipa yake mara nyingi mpaka akachoka, akaanza kununua iliyokwisha kupikwa. Inaletwa na mtu kwa mitungi ya plastiki, na mtu huyo hujui ameitoa wapi. Wengine huongeza humo spiriti za viwandani ili ikolee haraka, na hiyo ndiyo inayopofusha watu na kuwaua. Haina harufu ya kukuonya wala ladha ya kukuonya. Mwaka jana ilimchukua mzee mmoja fundi wa rangi, mpole sana, aliyekuwa akiniita shemeji ingawa hatuna undugu wowote. Alinunua mahali asipopajua, akanywa peke yake chumbani, akapiga komeo akalala. Walipovunja mlango ilikuwa kazi ya kutafuta sanda tu.

Baada ya mazishi hayo nikaanzisha vita. Nilimfokea Kyalo, nikafunga na kuomba, nikamficha viatu. Aliposhindwa kwenda kwa Mama Mbithe kwa sababu nilikuwa nimekaa njiani kama askari wa kaunti, akazunguka upande mwingine, akanywa kwa watu asiowajua, tena haraka haraka nisimkute. Hapo nikaona kwamba vita vyangu vinamsukuma kule kule nilikokuwa namkataza.

Kuna nesi wa zahanati moja ya huku, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alikuwa ameanza kuwatembelea mafundi saa ya chakula. Siku aliyokuja nikiwapo nilidhani atahubiri. Aliketi juu ya mfuko wa saruji akasema, "Mimi sikuja kuwaambia muache. Anayetaka kuacha mlango wangu anaujua, nitamsaidia. Lakini leo jioni mtakunywa, si ndiyo? Basi kesho nataka niwapate wote."

Wakacheka. Njoroge, yule rafiki mkubwa wa Kyalo anayechanganya saruji, akamwambia, "Sista, sisi tuko sawa. Mathee wetu huonja kwanza."

"Akishaonja mnangoja kwa muda gani ndiyo mkunywe?"

"Kungoja ya nini? Anaonja, tunakunywa."

"Basi anaonja bure," nesi akasema. "Hii sumu haiangushi mtu hapo hapo. Inalala na yeye, inaamka na yeye kesho. Na kuonja kidogo si sawa na kumaliza glasi."

Wenzake wakasogea wasikie zaidi, isipokuwa Kyalo. Yeye alikasirika kana kwamba nesi amemtukana mama kaburini. Aliondoka na karai lake bila kuaga, na wiki nzima hakutaka nilitaje jina la yule nesi.

Lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Njoroge ndiye aliyeanza kuwapanga wenzake, na Kyalo akafuata akinung'unika. Wakakubaliana kwamba hakuna kunywa peke yako. Kila jioni mmoja wao anakunywa soda, wakampa jina la Mchungaji kwa sababu ndiye wa kuwahesabu kondoo. Wakawa wanakula kwanza, kisha wanaanza na kidogo na kukaa na kupiga hadithi, si kumeza glasi juu ya glasi. Zamani wakisikia polisi wanakuja walikuwa wanamalizia yote kwa mkupuo, isipotee. Sasa wanaiacha pale pale na kutawanyika. Aliyezima kwa pombe halazwi chali, analazwa ubavu, na mtu anabaki naye. Chumbani hakuna kupiga komeo. Halafu asubuhi lazima mtu akugongee mlango, hata kama umeamka umechangamka.

Wa kumgongea Kyalo nilikuwa mimi. Nesi alituambia tuyachunge macho: mtu akianza kuona ukungu au moshi, akiumwa na kichwa na tumbo linamsokota au anahema vibaya, hata kama pombe imeshamtoka, ni hospitali moja kwa moja. Basi nikawa nasimama mlangoni pake nimejifunga leso, leo ya rangi hii, kesho ya rangi ile, na kumuuliza, "Rangi gani?" Naye anajibu kwa hasira kutoka kitandani, "Ni ile ya machungwa, ile mbaya." Nikishatukaniwa leso yangu naenda kazini nimetulia.

Nilipokuandikia habari hizo ulinijibu kwamba nimemfungulia ndugu yetu shule ya ulevi. Neno hilo liliniuma, na bado linaniuma, afadhali nikuambie. Mimi pombe naichukia kuliko unavyoichukia wewe. Lakini maiti haiachi pombe, dada. Anayeacha ni mtu aliyeamka asubuhi, na mimi kazi yangu niliyojipa ni hiyo tu, aamke.

Sasa sikiliza ya Jumapili ile. Nilikuwa nimevaa lile gauni la kitambaa ulichonitumia, Biblia kwapani, leso ya manjano begani ya kumwonyesha tu. Nikasukuma mlango. Alikuwa ameketi kitandani ameshika kichwa.

"Rangi gani?"

"Zima jiko kwanza, Mutheu. Huku kuna moshi."

Hakukuwa na jiko. Jua lilikuwa limeingia mpaka ukutani, chumba cheupe kabisa. Nikamwuliza tena, nikasogea mpaka nikawa namgusa magoti. "Kyalo, niangalie. Rangi gani?"

"Si nimekwambia kuna moshi! Ni hangova tu hii. Wacha niende nitoe loku, nitakuwa poa."

Kutoa loku ni kunywa tena asubuhi ili kichwa kitulie, ndiyo dawa ya kila mlevi wa hapa. Na wasiotoa loku huambiwa walale, wataamka wazima. Wengi wamelala hivyo hawakuamka. Nilimshika mkono nikapiga ukemi wa kumwita Njoroge, ukemi ambao nadhani hata wewe ungeusikia huko. Bahati ni kwamba Njoroge ndiye aliyekuwa Mchungaji wa Jumamosi. Alikuwa amekunywa soda, kichwa chake kizima. Alipomwangalia Kyalo hakuuliza swali. Alikwenda mbio kwenye milango ya wenzao wengine, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepiga komeo, akawa anaingia tu na kuwaamsha.

Barabarani ilikuwa imesimama pikapu ya kanisa imejaa viti vya plastiki vya mkutano. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiiendesha ananijua, mimi ni mtu wa kwaya. Nikamweleza. Akamtazama Kyalo aliyekuwa anapapasa ukuta, akasema, "Mama, hii gari iko kwa kazi ya Bwana. Huyo si amelewa tu? Mpatie maziwa alale."

Unanijua nikipandwa na hasira. Nilimwambia, "Mzee, Bwana mwenyewe angekuwa ameshashusha viti." Nikapanda na viatu vyangu vya kanisa, nikaanza kuvirusha chini. Kimoja kilivunjika mguu. Nadhani ndicho kilichomgusa moyo, maana alikuja kunisaidia kabla sijavivunja vingine, na lazima niseme kweli, baada ya hapo aliendesha vizuri, na aliwarudia wengine ambao Njoroge alikuwa amewakusanya kwenye kituo cha matatu.

Njiani Kyalo alinisihi niseme amekula chakula kibaya, akihofia polisi. Nilikataa. Nesi alikuwa ametuambia kwamba daktari akidanganywa anatibu uongo. Tulipofika tu nikasema mlangoni kwa sauti: amekunywa chang'aa jana jioni, sasa haoni. Nesi wa zamu aligeuka mara moja, wakamchukua.

Hapa keti vizuri zaidi, Syombua. Walimtibu kwa pombe. Sikutanii. Pombe safi, inapimwa kama dawa, kwa sababu inaizuia ile mbaya isigeuke sumu zaidi mwilini, ndivyo daktari alivyonieleza, pamoja na dripu na mambo mengine ambayo sikuyaelewa. Mimi nikauliza kwa ujinga wangu kama tungeweza kumpa nyumbani. Daktari alinikemea mpaka nikarudi nyuma: bila vipimo vyao mngemmaliza wenyewe. Basi fikiria, mimi mtu wa kwaya nimepiga magoti kando ya kitanda namwomba Mungu pombe imkubali ndugu yangu. Nilikuwa naomba na machozi yananitoka na bado nikawaza, mama angecheka.

Jioni Kyalo alipolala, Njoroge akaja. Mimi nilikuwa nimeshajipanga: nikitoka hapa ni moja kwa moja bondeni kwa yule mwanamke, nitamshika nywele, leo ataniambia alichowapa watoto wa watu. Nilimwambia hivyo Njoroge. Alikaa akiizungushazungusha kofia yake.

"Hakuna mtu wa kuendea, Mutheu. Mama Mbithe ndio alikuwa wa kwanza. Mabinti zake walimpata asubuhi."

Alikuwa ameonja, dada. Jumamosi kutwa, glasi ya kila mteja, funda moja moja, bila kumruka mtu. Hakuwa mwongo yule mama. Alifundishwa na mama yake kama sisi tulivyofundishwa na wetu, na aliamini kwamba akionja yeye kwanza amemlinda mgeni. Mafunda yale yote yakajumlika ndani yake. Chuki niliyokuwa nimeibeba siku nyingi sikujua niiweke wapi. Nilimlilia, na sijui kama nilikuwa namlilia yeye au mama, kwa sababu mama angeishi bondeni hapa badala ya mlimani kwetu, naye angekufa hivyo hivyo, nzele mkononi.

Wale walioamshwa na Njoroge walipona wote isipokuwa mmoja, kijana wa Kitui, ambaye alikuwa amezidiwa kabla hajagongewa. Tulimchangia, akarudishwa kwao. Wateja wengine wa bondeni, waliokunywa kila mtu kivyake, waliopona ni wachache.

Kyalo macho hayakurudi yote. La kushoto linaona mwanga na vivuli vya watu. La kulia ni ule moshi wa Jumapili, haujaondoka. Baada ya kutoka hospitali aliniomba nimpeleke Muthangari. Msimamizi wa saiti ni mtu mwema, alituruhusu kuingia. Kyalo akasimama kwenye ukuta wake wa mwisho, akaupitishia kiganja kutoka kona hadi dirishani, polepole. Akasema, "Umenyooka." Halafu akaniuliza kama wameupaka rangi gani. Nikamwambia bado ni kijivu tu.

Sasa jibu la swali lako. Nilimuuliza, "Utaacha?" Akasema, "Mutheu, nikikuambia ndiyo nitakuwa nakudanganya, na Syombua atajua tu. Sijaonja tangu ile siku. Ya kesho siijui. Lakini sitakunywa peke yangu, na sitawaficha." Kila wiki anakwenda kwa yule nesi, wanazungumza, na siku mbaya anakuwa mbaya kweli, anatetemeka na kuninunia. Kwa hiyo andika moyoni mwako kwamba hajaahidi. Ningeweza kukuandikia ameokoka, nawe ungechinja kuku. Sikutaka.

Anachotaka ni kuja kusikia nyumbani, ndivyo anavyosema, si kuona. Njuga za mbuzi wako wakishuka. Kanga wakipiga kelele shambani asubuhi. Ile bati ya choo inayogongagonga upepo ukivuma, ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kuipigilia, nadhani bado iko. Nami nataka akae nawe mpaka muhula ufunguliwe. Ikitokea amekunywa huko, usimfungie nje. Usimwache alale kwa kujifungia. Asubuhi mgongee. Leso hazina kazi tena, mimi siku hizi namuuliza tu dirisha liko upande gani, naye ananionyesha kwa kidole. Ukiona kidole kinatangatanga, kabla hujaniombea wala kunilaani, mtafutie gari.

Nisalimie Mjomba Nzioka, mfuga nyuki wetu, mwambie asali ilifika na hakuna aliyeionja njiani isipokuwa mimi, askari mmoja na mama wa vyondo. Nisalimie binti zako wote wawili, na yule mkubwa anayejiandaa kwa mtihani mwambie sketi yake iko tayari, nimeiongeza pindo kwa sababu miguu yake haijui kusimama. Nisalimie pia Mama Katunge, jirani yetu mwema aliyemuuguza mama pamoja nawe. Na mchungaji, mwambie kwamba msalaba wa kaburi utapakwa chokaa upya, na atakayeupaka ni yule yule aliyeuangukia. Anaweza. Nimemwona akifanya kazi kwa viganja.

Tutafika jioni, tukishuka njia panda tutatembea polepole, kwa hiyo usianze kusimama langoni tangu mchana. Usimhubirie. Usimuulize lolote siku hiyo. Pika uji wa wimbi, utie asali ya mjomba, na uchote kwa nzele ya mama. Najua unayo, umeificha nyuma ya magunia tangu aokoke, hukuweza kuitupa. Kuonja hakuzuii sumu, hilo limenigharimu kujifunza. Lakini simama karibu yake, na kabla hujaiweka mikononi mwake, piga funda la kwanza wewe. Usiwaonee haya wasichana. Kwa sauti, Syombua, kama mama. Hatakuona. Atakusikia.

Mdogo wako anayekupenda na kukuogopa,

Mutheu